Kitufe Kilichokosa Kitenzi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Ramkali Ahirwar alilamba kidole cha shahada, akafungua mdomo wa mfuko wa plastiki, akatia ndani mabakuli sita ya chuma, kisha akabonyeza kioo cha simu ya kazi kwa kidole hicho hicho. Simu haikusikia. Akakifuta kidole kwenye sari na kubonyeza tena. Simu ikafungua ukurasa wa Kiingereza uliomuuliza kama mteja ameridhika na huduma, na mteja mwenyewe bado hajaona hata bakuli moja.

"Hapo umebonyeza nini, dada?" aliuliza Nuzhat, aliyekuwa amesimama pembeni na daftari.

"Hata sijui, mwanangu. Nilitaka kile cha chini yake. Vitufe vyenyewe punje za dengu, nani atajua kipi ni kipi?"

Nuzhat akaandika: kidole kina mate.

Nuzhat Lodhi alizaliwa hapo hapo Bhopal, mtaa wa Jahangirabad, akaenda Bengaluru kusomea namna ya kutengeneza vifaa visivyomsumbua anayevitumia. Kampuni yenye maduka arobaini ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa siku tatu, ashuke orofa ya chini ya ardhi ya duka lao la Bhopal, awatazame wafungaji mizigo wanavyofanya kazi, kisha awatengenezee simu mpya iliyo rahisi. Duka liliuza ndoo, mashuka, sufuria, mablanketi, kila kitu anachohitaji bibi harusi isipokuwa bwana. Mteja aliyeagiza kabla ya saa kumi alasiri aliahidiwa mzigo wake siku hiyo hiyo, na wa kuhakikisha ahadi hiyo walikuwa wafungaji wanane wa kule chini.

Kila mzigo ulikuwa na saa yake ndani ya simu. Saa ilianza kijani, ikageuka njano, kisha nyekundu. Ikifika nyekundu kabla mzigo haujatoka, aliyeufunga alipata doa. Madoa matatu katika mwezi mmoja, namba ya mtu ilifungwa, na aliyefungiwa namba hakufukuzwa na yeyote. Kesho yake mlango wa nyuma haukumfungukia, basi.

Juu ya kichwa cha Ramkali zilining'inia stuli za plastiki ishirini na nne za kuuza, nyekundu na bluu. Chini hapakuwa na hata moja. Ilikuwepo ya mbao, aliyoirithi kwa mama aliyefunga mizigo kabla yake, lakini siku tatu baada ya Holi, ingali na rangi za sikukuu miguuni, ililetwa ripoti kwamba mtu anayeinuka kitini hupoteza sekunde nne. Bwana Gangele, meneja wa duka, alishuka mwenyewe akaichukua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akapanda nayo ofisini kwake na kuweka juu yake chungu cha maua. Tangu hapo Ramkali alisimama kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni. Ikifika saa nane mchana miguu yake ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi, na alikuwa na miaka arobaini na minne tu.

Siku ya tatu Nuzhat alifunga daftari. "Dada Ramkali, kama ningekuongezea kitu kimoja tu, ungetaka nini?"

"Kiti."

"Kwenye simu, nasema."

"Na mimi nasema kiti."

Nuzhat alifungua tena daftari. Akaandika: kiti. Akapigia mstari mara mbili.

Simu mpya zilifika baridi ilipoanza, msimu wa harusi, na ni lazima isemwe kwamba zilikuwa nzuri. Hatua kumi na moja zilikuwa zimebaki tatu. Vitufe vilikuwa vipana, mtu mwenye mikono iliyojaa aliweza kuvibonyeza kwa kifundo cha kidole, hata kwa kiwiko. Zilisikia kidole chenye mate, kwa kuwa Nuzhat alilamba chake mbele ya wakubwa zake wote Bengaluru na kuwaonyesha. Kiingereza kilikuwa kimeondoka, na maneno yote yalikuwa ya Kihindi cha nyumbani. Mzigo unakwenda lini? Kitufe cha kijani kilisema *aaj*, leo. Cha bluu kilisema *kal*. Na pembeni kabisa palikuwa na kijipicha cha kiti. Ramkali alipokibonyeza, kiti kilijaa kioo kizima, kizuri, chenye mto, na chini yake maandishi: Tunakuthamini. Kilikaa sekunde ishirini kikaondoka. Saa ya mzigo haikusimama.

Alimpigia Nuzhat. "Mwanangu, hiki ni nini?"

"Nilipigania kiti, dada," Nuzhat alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haya. "Wakakubali picha."

Sasa kuhusu hilo neno *kal*. Kwa lugha ya kule, *kal* ni kesho, na *kal* ni jana. Neno ni hilo hilo moja, na kitenzi ndicho kinachomwonyesha msikilizaji ageukie wapi: *kal* nilikwenda, *kal* nitakwenda. Nuzhat alikuwa ameandika *kal* itakwenda, lakini kitenzi kilizidi upana wa kitufe, naye alifundishwa chuoni kwamba neno lisilo la lazima ni mzigo juu ya mzigo. Akakiondoa. Hakuna aliyeona kasoro. Sisi tunasema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Kule Bhopal asemaye *kal* huwezi kumwita mwongo mpaka amalize sentensi.

Alhamisi moja, saa tisa na dakika ishirini alasiri, juu ya meza ya Ramkali palikuwa na sufuria ya presha ya Bi Kaveri Nema, mkazi wa Kolar. Mwezi ulikuwa bado mchanga na Ramkali alikwisha kupata madoa mawili, yote kwa sababu ya miguu, kwa maana siku hizi alitembea polepole kati ya rafu na meza. Munawwar, mwenye pikipiki wa upande wa Kolar, alikuwa ameondoka na sufuria ile mara moja, akarudi nayo.

"Njia imefungwa," alisema. "Bwana harusi yuko juu ya farasi, farasi amegoma, na tarumbeta zinambembeleza. Nimekaa nusu saa, dada. Farasi yule haoi leo."

Saa ilikuwa njano na inakaribia wekundu. Sheria iliruhusu mzigo usogezwe mpaka siku ya pili bila doa, mradi mteja akubali. Ramkali alimpigia Bi Kaveri mara tatu, simu haikupokewa. Alifikiria doa la tatu, na mlango wa nyuma usiofunguka, na mama mkwe wake aliyekuwa akimngoja nyumbani na dawa za presha za kununuliwa. Akabonyeza *kal*.

Meza ilikuwa tupu. Saa ilirudi kijani ikasimama. Kwenye rafu, pale ilipokaa sufuria ile, palikuwa na vumbi jepesi la siku moja.

Munawwar aliitazama meza. "Aa, ile sufuria," akasema. "Niliipeleka jana. Yule mama alinipa chai."

"Njia ilikuwaje jana?"

"Nyeupe kabisa."

Baada ya robo saa Bi Kaveri mwenyewe alipiga. "Nimeona mlinitafuta. Asubuhi nimeagiza sufuria, ile ya zamani imenipasukia, kumbe mpya ninayo tangu jana. Dengu zimeiva vizuri. Ila kifuniko kina mkwaruzo."

"Utabadilishiwa, mama."

"Lini?"

"*Kal*," alisema Ramkali, na wote wawili wakaridhika.

Alikata simu, akaegemea ukuta, akashusha pumzi ambayo alihisi ameishika tangu wiki iliyopita. Doa halikuja. Alicheka peke yake kidogo, akafuta macho kwa ncha ya sari, akachukua mzigo uliofuata.

Jumatatu wafungaji wote wanane walikuwa wakibonyeza *kal*. Mizigo iliondoka jana kwa wakati, juu ya pikipiki za jana, mikononi mwa wenye pikipiki ambao leo walilalamika tu kwamba jana walichoka. Wateja walipokea. Wachache waliuliza iliwezekanaje, wengi waliuliza tu kuhusu kubadilishiwa rangi. Saa nane mchana orofa ya chini ilikuwa haina kazi, na wafungaji wanane walisimama kando ya meza tupu, mikono kifuani, maana kukaa kulikuwa bado hakuruhusiwi.

Bwana Gangele aliona kwenye kompyuta yake kwamba hakuna mzigo uliochelewa, akawaandikia wakubwa, nao wakampongeza. Wiki ya pili bango jipya lilibandikwa mlangoni: Agiza Leo, Umeshapata. Wiki ya tatu alishuka na karatasi.

"Kampuni imeona bidii yenu," alisema. "Kwa hiyo, kuanzia leo, mzigo unaofika leo utahesabiwa umechelewa."

"Lakini ahadi ni siku hiyo hiyo, mzee," alisema Ramkali.

"Ahadi ni ya mteja. Hii ni yenu."

Hivyo kitufe cha kijani, ukikibonyeza, kilikupa doa hapo hapo. Wafungaji waliacha kukigusa. Hakuna aliyeumia kwa hilo, ila ilijulikana kwamba wakubwa wale hata ukiwaletea mzigo juzi watakuuliza ulikuwa wapi siku nzima.

Kisha ikaja ile simu ya mwanamume wa Shahjahanabad. Aliagiza blanketi nene la pamba, la bluu. Alipiga mwenyewe saa tano asubuhi, akataka kuongea na anayelifunga.

"Mama yangu amefariki alfajiri hii," alisema. "Usiku kucha alisema anasikia baridi. Nimeambiwa nyinyi mnapeleka jana."

"Tunapeleka, kaka."

"Basi naomba lifike jana kabla ya magharibi."

Ramkali alilikunja upya, kwa sababu lilikunjwa vibaya kiwandani, akaondoa pini zote ili zisimchome mgonjwa, akabonyeza *kal*. Mchana yule bwana alipiga tena. Maziko yalikuwa yamekwisha. Mama yake alikuwa amekufa alfajiri ile ile, alisema, hilo halikubadilika, lakini alikufa amejifunika mpaka kidevuni, na jambo la mwisho alilosema ni kwamba watu wa dukani wamechagua rangi nzuri. Ramkali alilia kwa simanzi na kwa faraja, akiwa amesimama, maana huko chini hata kulia kulikuwa kwa kusimama.

Alipomaliza kulia aliinua macho juu kufuta pua, akaziona stuli ishirini na nne.

Wafanyakazi waliruhusiwa kununua dukani kama mteja yeyote. Mteja yeyote alilipia mzigo ukishafika mlangoni kwake, na kabla ya kulipa aliruhusiwa kuukagua mzigo mpaka mwisho wa siku. Asipoupenda, alisema tu sitaki, nao ukarudi. Ramkali aliyajua masharti hayo kwa sababu yalikuwa yamechapwa kwenye kila lebo aliyobandika kwa miaka tisa. Akaagiza stuli moja ya bluu. Kwenye anwani akaandika: Orofa ya chini, meza ya tatu, karibu na nguzo, kwa Ramkali. Akaishusha kwa mti wenye ndoana wa kushushia bidhaa, akaifunga, akaibandikia lebo mguuni, akabonyeza *kal*.

Stuli haikuonekana tena mkononi mwake. Juu zilining'inia ishirini na nne, hakuna pengo. Lakini miguu yake ilikuwa haiumi. Ramkali alikumbuka vizuri sana jinsi alivyokaa jana, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka kufunga duka, juu ya stuli ya bluu yenye lebo mguuni, akifunga mizigo ikiwa magotini, na jioni akamwambia Munawwar sitaki, irudishe. Alikumbuka pia kwamba jana alisimama. Kumbukumbu zote mbili zilikuwepo, wala hazikugombana.

Haukupita muda Bwana Gangele akashuka ngazi.

"Wewe jana ulikaa," alisema. "Nimekumbuka sasa hivi."

"Ndiyo, mzee. Jana nilikuwa mteja. Nilikuwa nakagua mzigo."

"Siku nzima?"

"Stuli haikaguliwi kwa macho, mzee. Inakaguliwa kwa kuikalia."

Bwana Gangele alitoa simu yake atie doa. Doa lilikataa kukaa, kwa maana siku ya jana ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye hesabu za kampuni, nayo ikishafungwa haiguswi hata na meneja. Alijaribu mara mbili.

"Leo simama," akasema.

"Nimesimama, mzee."

Jioni ile mama mkwe wake, Bibi Dhaniya, alimpakulia mchuzi akamtazama miguuni. "Mkwe wangu, leo hukuvimba. Wamekupa kiti?"

"Leo hawajanipa, mama."

"Basi mafuta yangu ya haradali yamefanya kazi," alisema bibi, na Ramkali hakumnyima sifa hiyo.

Baada ya hapo aliagiza kila siku, na kila siku ikarudishwa. Wenzake saba nao wakaanza, mmoja mmoja, kila mtu na rangi aipendayo. Munawwar alilalamika kwamba jana zake zote anapanda na kushuka na stuli nane, lakini alilalamika akiwa amepewa chai.

Nuzhat alikuja mwisho wa Januari, bila kutumwa. Alikuwa ameomba likizo. Alishuka ngazi na begi kifuani, akasimama mbele ya meza ya tatu akiwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Dada, ni mimi niliyekosea. Nimeona takwimu, nimeona na ile sheria mpya ya madoa. Ni kwa sababu ya kitufe changu. Niliondoa kitenzi."

"Mwanangu, umesoma mpaka Bengaluru ukasahau kitenzi?"

"Kilizidi upana wa kitufe."

Ramkali alicheka mpaka bangili zikalia. "Basi kiache huko huko nje."

"Nimepata pa kukiweka." Nuzhat alitoa kompyuta ndogo begini, akaifungua juu ya meza. "Nimepunguza herufi, kimeenea. Wakubwa hawajui, hawakuniuliza, wanafurahia tu grafu yao. Nikibonyeza hapa, *kal* inakuwa kesho, kama nilivyokusudia. Kila kitu kinarudi sawa."

Ramkali aliacha kucheka. Aliweka chini gundi ya karatasi, akamtazama msichana yule, akamhurumia, kwa maana alikuwa amesafiri usiku kucha kwa ajili ya neno moja.

"Ukirudisha kitenzi, watarudisha ile sheria ya zamani?"

Nuzhat alifikiri. "Hapana."

"Watarudisha kiti?"

"Hapana, dada."

"Basi ngoja nikueleze." Akamweleza habari za stuli, masharti ya lebo, anwani ya karibu na nguzo, na Bwana Gangele na doa lake. Alieleza huku akifunga mashuka, hakukosa hata pembe moja. "Kila nikibonyeza, jana yangu nzima nimekaa. Miguu yangu inajua. Usinichukulie jana yangu, mwanangu. Ni hiyo tu waliyonisahaulia."

Kidole cha Nuzhat kilikuwa kimekaa juu ya kompyuta. Akakiondoa. Akafunga kifuniko taratibu, akairudisha begini pamoja na kitenzi ndani yake, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

"Nilidhani nimeharibu," alisema.

"Umeharibu. Lakini umeharibu vizuri. Simu hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, nakwambia kweli."

Nuzhat alitazama huku na huku atafute pa kukaa, akakumbuka alipo, akabaki amesimama karibu yake. Akamshikia midomo ya mifuko ili asilambe kidole, hata kama simu sasa haikujali. Wakapiga soga za Jahangirabad, nani kaolewa, nani kauza nyumba. Saa kumi na moja Bwana Gangele alichungulia ngazini, akahesabu vichwa, akaona wote wamesimama, akarudi juu kwenye kiti chake cha kuzunguka.

Ramkali alifunga mzigo wake wa mwisho. Kisha akashusha stuli ya bluu, akaibandikia lebo, akabonyeza, akanyoosha mgongo. Tangu Holi, kwa hesabu za duka na kwa ushahidi wa meneja, Ramkali leo hajakaa hata siku moja. Jana amekaa kila siku.